Chumvi Haikuwamo

Asubuhi katika kambi ya wafanyakazi wa reli, kule Élisabethville, ilianza kwa king'ora. Kikilia, akina baba walitoka na baiskeli zao, akina mama walishika njia ya bombani na ndoo, na watoto walisukumana wakigombea sabuni. Nyumbani kwa Mama Victorine hakukuwa na ugomvi wa sabuni. Kipande kilikatwa katikati, nusu ya Régine na nusu ya Germaine, na mama alizitazama nusu hizo akiwa amefumba jicho moja, kama fundi anayepima ubao, kabla ya kuzigawa.

Régine na Germaine walikuwa mapacha, au mapasa, kama watu wa kule wanavyosema. Mwaka ule wa 1954 walikuwa wametimiza miaka kumi na miwili. Wazazi wao walitoka Uluba, kaskazini mwa Katanga, na kwao mapasa wana heshima yao. Ukimpa mmoja pipi, umpe na mwenzake. Ukimsalimu mmoja, usimpite wa pili. Régine alitangulia kuzaliwa, akapewa jina la Kyungu. Germaine akamfuata, akaitwa Kabange. Mama Victorine aliishika desturi hiyo barabara. Hata alipomkaripia mmoja, alimalizia kwa kumkaripia wa pili, asije akaona amesahauliwa.

Walikwenda shule ya masista pamoja, Régine kushoto, Germaine kulia. Hawakubadilishana hata siku moja. Mtu akimwuliza Germaine swali, Germaine alimgeukia Régine kwanza, Régine akalirudia swali, ndipo Germaine akajibu. Watu wa kambi walicheka tu.

"Mapasa njo beko vile," walisema. "Beko na roho moja."

Juma moja kabla ya mitihani, alifika shuleni mgeni. Alikuwa Mbelgiji kijana, jina lake Mamzeli Edith, mwenye nywele fupi na mkoba mzito. Ndani ya mkoba mlikuwa na picha, vipande vya mbao vya rangi rangi, na saa ya kubonyeza iliyolia tik-tik kama panya anayetafuna. Kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi watoto wanavyokumbuka na kufikiri. Habari hiyo ilipozunguka darasani ilikuwa imeota pembe: mzungu amekuja kupasua watoto vichwa ili aone ubongo.

Mwalimu wao, Musye Anaclet, aliwanyamazisha. Alikuwa mtu wa Kasai, mwembamba, mwenye tai shingoni hata siku za joto.

"Batoto, musikilize," alisema. "Hakuna mutu atapasua kichwa cha mutu. Ubongo hauonekane. Ukiona moshi kwa jirani, unajua kuko moto, hata kama hauoni moto wenyewe. Mamzeli naye anafanya vile. Anaangalia mambo munafanya, juu ajue kichwa kinatumika namna gani. Kila mutu atajibu peke yake. Munasikia?"

"Ndiyo, Musye!" darasa lilijibu. Germaine naye aliitikia, ingawa alikuwa ameinama akitafuta kalamu chini ya dawati.

Kisha akaingia Sista Hortense, mkuu wa shule, akaongeza la kwake. Wasichana watakaopata alama za chini kwa Mamzeli hawataendelea na darasa. Watahamia chumba cha kushona, tangu Jumatatu. Sista alisema hayo kwa upole, lakini Régine alimgeukia Germaine upesi. Alijua kwamba Germaine hupotea sana darasani. Mwalimu akiwa anaandika ubaoni huku amewapa kisogo, Germaine hubaki ametoa macho, na ni Régine anayemvuta sketi na kumwambia kilichosemwa. Chumba cha kushona kilikuwa ng'ambo ya uwanja. Nani angemvuta sketi kule?

Régine aliitwa kabla ya Germaine. Alikalishwa kwenye kiti, uso ukielekea ukutani. Mamzeli Edith alikaa mezani na saa yake, na Musye Anaclet akasimama nyuma ya Régine na kumsomea maneno: moto, samaki, sufuria, kisu, kuni, mbuzi, kengele, na mengine kama hayo. Kisha Régine akatakiwa kuyataja aliyoyakumbuka. Aliyataja mengi. Mwishoni alisita kidogo, akasema, "Na chumvi."

Musye Anaclet alikohoa. Mamzeli aliandika kitu, akatabasamu, akampa pipi moja.

Nje, karibu na bomba la uwanjani, Régine aliivunja pipi kwa meno, akampa Germaine nusu. Halafu, kwa mkono uleule wa kugawa, akagawa na maneno.

"Banasoma maneno nyuma yako," alimweleza, akisimama mbele yake. "Unapashwa kuyarudilia. Sema: moto, samaki, sufuria, kisu..."

Germaine aliyashika yote upesi mno. Alikuwa na kichwa kizuri, Germaine, ila kiliingiwa na mambo kwa taabu. Régine hakuona ubaya wowote. Amepewa pipi, amegawa. Amepewa maneno, amegawa. Na yeye mwenyewe si alijibu peke yake?

Zamu ya Germaine ilipofika, alikaa akielekea ukutani, akangoja Musye anyamaze, akamwaga maneno yote. Alimaliza kwa sauti ya ushindi: "Na chumvi!"

Mamzeli Edith aliruka kutoka kitini. Aliwaita wote wawili, akawatazama kama mtu aliyeokota dhahabu njiani. Alikuwa amejifunza Kiswahili melini kutoka kitabuni, na kilikuwa kimenyooka kama kola ya Sista.

"Neno chumvi halikusomwa!" alisema. "Halikuwamo kabisa! Régine amelizua, na Germaine amelizua lile lile! Watoto wawili, kosa moja! Musye Anaclet, hii ni ajabu. Nitaandika kwa wakubwa wangu Ulaya."

Régine alichanganyikiwa. Chumvi haikuwamo? Aliisikia kwa masikio yake mwenyewe! Au aliifikiria tu, kwa kuwa palikuwa na samaki, na sufuria, na moto, na nyumbani kwao samaki mkavu wa Kasenga hapikwi bila chumvi? Inawezekanaje kichwa chako mwenyewe kikuchomekee neno, nawe usijue? Na mbona mgeni anafurahia kosa kuliko majibu yaliyo sahihi? Alimtazama Germaine, naye Germaine alikuwa akitabasamu kwa sababu kila mtu alitabasamu. Musye Anaclet peke yake hakutabasamu.

"Mamzeli," alisema polepole, "hawa batoto bawili balionana pa bomba. Afazali tubapime kesho tena, bote kwa wakati mumoja, kila mumoja na chumba chake. Na maneno ingine."

Kesho yake wakatenganishwa. Régine alibaki na Mamzeli katika chumba kilekile cha utulivu. Germaine alikwenda na Musye Anaclet katika stoo ya vitabu, ambayo dirisha lake lilielekea mahali mabehewa yanapounganishwa kwa kelele. Alikalishwa uso ukutani, dirisha likiwa upande wake wa kushoto. Mwalimu akasimama nyuma, upande wa kulia, akasoma.

Régine alifanya vizuri kama jana. Germaine alipata maneno mawili, na moja kati ya hayo alibahatisha.

Mamzeli Edith aliyatazama majibu hayo, akayageuza juu chini, kama vile yangesomeka vizuri zaidi yakiwa yamepinduliwa. Jana walikuwa sawa hata kwa kosa. Leo mbingu na ardhi. Hakuelewa kitu. Sista Hortense, ambaye hakupenda mambo yasiyoeleweka, alielewa haraka.

"Basi Germaine ataenda kushona," alisema. "Tutamaliza Jumatatu."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Germaine alilia. "Sema nilikuwa mugonjwa," alimwomba Régine. "Sema kichwa kilikuwa kinaniuma. Wewe ukisema, banaitika."

Régine alimpangusa machozi, akaendelea kutembea kushoto kwake. Kichwani mwake mambo yalikuwa yamefungana kama uzi uliochezewa na paka. Akisema Germaine alikuwa mgonjwa, huenda wakampima tena, lakini ataanguka tena. Akisema ukweli kuhusu bomba, ataonekana mwizi, na Germaine atapelekwa kushona vilevile. Akinyamaza, je? Jumatatu itafika tu. Alijaribu kutafuta njia ambayo wangebaki pamoja, akaikosa.

Nyumbani, Mama Victorine alikuwa anasonga bukari. Aliona macho mekundu ya mmoja na uso mzito wa mwingine, akaweka mwiko chini.

"Munapigana?"

"Hapana, mama," alisema Régine, na hapo hapo yote yakamtoka: pipi, bomba, maneno, chumvi, stoo, Jumatatu. "Mama, weye mwenyewe ulitufundisha. Kama ni pipi nigawe, kama ni jibu nisigawe? Juu ya nini? Sielewe!"

Mama Victorine alifunika sufuria, akakaa karibu nao. Hakuwa mama wa kujifanya anajua.

"Miye pia sielewe yote," alisema. "Lakini nauliza kitu kimoja. Ile mamzeli anazani anajua kichwa cha Germaine. Anakijua?"

Régine alifikiri. "Hapana. Alipima changu mara mbili."

"Basi anaenda kuandika uongo, na weye njo ulimupatia. Kesho tunaenda bote batatu."

Asubuhi ile Régine alitamani barabara iwe ndefu zaidi. Mbele ya Mamzeli Edith, Musye Anaclet alilazimika kumwambia mara mbili apaze sauti. Alisema yote. Aliposema, "Chumvi ilikuwa yangu, miye nilimupa," Mamzeli alikunja midomo, akanyanyua ile karatasi ya barua aliyokuwa ameianza kwa furaha, akaikunja nayo.

"Nilikasirika sasa hivi," alisema, "lakini si kwako peke yako. Niliona jambo la ajabu, nikalipenda, nikasahau kuliuliza limetoka wapi. Hilo ni kosa la mtafiti, si la mtoto."

Kisha akasimama, akaanza kutembea chumbani, akijihesabia makosa kwa vidole. "Na jana nilibadilisha mambo mengi kwa mara moja. Chumba kimebadilika. Msomaji amebadilika. Kelele ilikuwa huku, huko hakuna. Halafu nikataka kusema ni kichwa cha Germaine! Siwezi kusema hivyo. Sista, tafadhali, usimhamishe. Hatujui chochote bado."

"Hatujui chochote?" Sista Hortense aliuliza, akishangaa kwamba mtu aliyesoma sana anaweza kusema hivyo bila aibu.

"Chochote," alisema Mamzeli. "Tuanze upya. Leo tunabadilisha kitu kimoja kimoja, na vingine vyote vikae kama vilivyo."

Walirudi katika chumba cha utulivu, na Mama Victorine akaruhusiwa kukaa mlangoni na Régine, kwa sharti wasiseme neno. Mamzeli alianza na picha. Alimwonyesha Germaine picha moja baada ya nyingine bila kusema kitu: ndege, ngazi, jembe, taa. Kisha akazificha. Germaine alizitaja zote, moja baada ya nyingine, na hakuongeza chumvi.

"Amekushinda," Musye Anaclet alimnong'oneza Régine. Régine alisikia wivu kidogo na furaha kubwa, vyote kwa pamoja, asijue acheke au anune.

Halafu yakaja maneno. Musye Anaclet akasoma kwa sauti ya chini akiwa mbele yake: Germaine alikumbuka mengi. Akasoma vivyo hivyo, kwa sauti ileile, akiwa nyuma upande wa kushoto: alikumbuka mengi. Akahamia upande wa kulia, hatua chache tu. Germaine alikaa kimya, akingoja. Mwalimu alimaliza kusoma maneno yote, na msichana bado alikuwa anangoja aanze.

Mamzeli aliichukua ile saa ya kubonyeza, akaisogeza karibu na sikio la kushoto la Germaine. "Unasikia?"

"Ndiyo, Mamzeli. Tik-tik."

Akaipeleka kwenye sikio la kulia, karibu kabisa na nywele.

"Sasa?"

"Umeisimamisha," alisema Germaine.

Saa ilikuwa ikitembea. Mlangoni Régine aliisikia.

Mama Victorine alijishika kifua. "Yo, mama yangu! Lile sikio!" Germaine alipokuwa mdogo, sikio hilo lilimwuma siku nyingi na kutoa usaha. Mama alilitia mafuta ya vuguvugu, maumivu yakaisha, naye akashukuru na kusahau. Tangu hapo usaha ulirudi kila mvua zilipoanza, ukapanguswa kwa kitambaa, na hakuna aliyeona sababu ya kwenda kwa daktari kwa ajili ya sikio lisilouma.

"Régine," Mamzeli aliuliza, "ninyi mkitembea, wewe unakaa upande gani?"

"Kushoto kwake, Mamzeli."

"Kwa nini?"

Régine aliutazama mkono wake wa kulia, ule wa kuvutia sketi. Hakujua. Ulikuwa upande wake, basi. Kwa miaka yote aliyokumbuka, mwili wake ulikuwa unajua jambo ambalo kichwa chake hakikulijua. Na kambi nzima iliwatazama wakigeukiana na kurudiana maneno, ikasema mapasa ndivyo walivyo, na kwa sababu hiyo hakuna aliyewahi kuuliza. Machozi yalimjia ghafla, na safari hii hakuwa na haja ya kuyaelewa.

Siku hiyohiyo Mama Victorine alimpeleka Germaine kwenye zahanati ya kambi. Daktari alilisafisha sikio, akatoa dawa, na akasema wazi kwamba la kulia halitasikia tena kama zamani, lakini limefika kabla ugonjwa haujaingia ndani zaidi. "Sikio linalotoa usaha si la kungoja," alimwambia mama. "Hata kama haliumi." Sista Hortense, kwa upande wake, alifuta habari ya kushona. Germaine alihamishiwa dawati la mbele, mwisho kabisa wa kulia wa darasa, ili sikio lake zima limwelekee mwalimu. Na Musye Anaclet akajizoeza kutosema akiwa amewapa watoto kisogo, jambo lililomsumbua sana, kwani alipenda kuzungumza na ubao.

Kabla ya kuondoka, Mamzeli Edith aliwapa pipi mbili, moja moja. Majibu ya siku ya kwanza aliyachana mbele yao.

Jioni hiyo, Mama Victorine alimgawa samaki katikati, akawasogezea watoto wake sahani.

"Régine," alisema, "ile siku uliniuliza kama pipi unagawa, juu ya nini jibu usigawe. Miye nimefikiri. Samaki ukimugawa, mwenzako anashiba. Jibu ukiligawa, mwenzako anabakia na njaa, na bantu banazani ameshiba. Ulifunika ugonjwa wa ndugu yako na mapendo. Miye pia niliufunika, na mafuta. Kumusaidia mutu ni kusema kweli juu yake, hata kama unaogopa. Siku ulisema kweli, njo siku sikio lake lilionekana. Musisahau, bote bawili."

"Ndiyo, mama," walijibu pamoja.

Wiki iliyofuata walifanya mtihani wa hesabu, Régine katikati ya darasa, Germaine mbele kulia. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa mbalimbali, na Régine alijikuta mara mbili akinyoosha mkono kuvuta sketi ambayo haikuwapo. Kengele ilipolia, alimkimbilia dada yake bombani, akasimama kushoto kwake.

"Ile hesabu ya mwisho," alimwuliza, "umejibu nini?"

Germaine alikunywa maji taratibu, akapangusa mdomo.

"Sikuambie," alisema, akacheka hadi maji yakampalia.